Shuka za Chini ya Mawe

6 Mei

Daftari hili ni la maji. Injinia alinipa mimi kwa sababu katika kundi letu ni mimi niliyefika darasa la sita na mwandiko wangu unasomeka. Kila siku bahari ikijaa naenda kwenye nguzo yenye alama, nasoma maji yamefika wapi, naandika. Kurasa za mbele ni zake. Za nyuma hakuna aliyeniambia ni za nani, kwa hiyo nimeligeuza daftari na kuanzia huku.

Sina la kusema. Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho alifariki. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano. Kutoka hapa hadi nyumbani ni siku mbili na nusu kwa basi, na walimzika siku ileile. Sikwenda. Niliendelea na kazi. Naandika jambo hili mara moja, nisilirudie.

7 Mei

Upepo mdogo. Mawe.

9 Mei

Nieleze kazi, maana siku nyingine sitakuwa na cha kujaza. Tunajenga ukuta wa mawe ili bahari isiendelee kula ufuko. Mwaka jana ilikula nusu ya barabara na nguzo tatu za umeme. Nyuma ya ukuta, karibu kabisa na ukingo, kuna nyumba ya pampu inayopeleka maji ya kunywa zahanati na mjini kote. Hiyo ndiyo hasa tuliyoletwa kuilinda.

Kwanza mchanga unachongwa mteremko. Juu ya mchanga tunatandika kitambaa kinene cha kijivu, kama blanketi, kinachopitisha maji na kuzuia mchanga. Sisi tunakiita shuka. Juu ya shuka mawe madogo, juu ya madogo makubwa, jiwe moja uzito wa ng'ombe wawili. Mawe yanapangwa na mwenye katapila, ambaye naye tunamwita Katapila, kwa sababu hashuki humo hata kula.

Shuka moja lazima ipande juu ya mwenzake kwa mita moja. Mahali zinapokutana tunapaita ungio, na kila ungio tunalipa namba kwa rangi nyekundu kwenye ukingo. Leo tumefika la thelathini na nne. Mimi nashika mwanzo wa futikamba, shemeji anashika mwisho. Shemeji ni kaka wa mke wangu, ndiye kiongozi wa kundi la shuka, na ndiye aliyenileta huku. Jioni Injinia anapita na karatasi zake, ananiuliza vipimo, najibu, anaandika.

Wenzangu wananiita Bubu. Jina zuri, linapunguza maswali.

13 Mei

Mama Watoto amepiga simu mara tatu. Sikupokea. Maji mita tatu na robo.

16 Mei

Baridi. Tumo watu kumi na wanne kwenye banda moja, sakafu ya saruji, na tunalala juu ya makaratasi ya mifuko ya simenti. Magodoro tuliahidiwa tangu Januari. Leo mtunza stoo kasema tena yako njiani.

"Njia gani hiyo?" Katapila akamuuliza. "Au yanakuja kwa miguu?"

Mzee mmoja tunayemwita Kifua hakohoi tena kama mtu, anakohoa kama injini isiyowaka. Usiku tunahesabu naye vikohozi.

19 Mei

Shemeji alikuja na hesabu wakati wa chakula. Aliichora kwa kijiti mchangani.

"Hapa mbele ya nyumba ya pampu kuna maungio manane. Kila ungio tunapandisha mita moja. Tukipandisha shubiri moja tu, maungio manane, tunabakiwa na shuka nzima na ushee. Tunaikata vipande kumi na vinne. Kila mtu na kitanda chake."

"Na Injinia?" akauliza mmoja.

"Injinia anaona mawe. Shuka iko chini ya mawe. Atainua jiwe aangalie?"

"Bahari itaangalia," Katapila akasema kutoka juu, miguu yake ikining'inia.

"Wewe una kiti cha sponji, nyamaza."

Wakacheka. Kifua hakucheka, alikuwa anakohoa. Shemeji akanigeukia. "Shem, vipimo anakuuliza wewe. Unasemaje?"

Nikasema sawa. Nilijua mita moja haikuwekwa kwa urembo. Injinia alitueleza siku ya kwanza: wimbi likirudi linavuta, na likipata upenyo linavuta mchanga, na mawe yanabaki yamekalia hewa. Nilikumbuka maneno yake yote. Nikasema sawa kama mtu aliyeulizwa kama anataka chumvi.

24 Mei

Ungio la arobaini na moja hadi la arobaini na nane, tumemaliza. Injinia aliniuliza "Mita moja?" mara nane. Nilijibu "Mita moja" mara nane.

25 Mei

Tumelala. Kifua hakukohoa mpaka asubuhi. Mtu mmoja alikoroma hadi tukamtupia kiatu, na hata hiyo ilikuwa raha.

30 Mei

Mvua.

3 Juni

Nguzo ya kusomea maji iko hatua ishirini kutoka mlango wa nyumba ya pampu, kwa hiyo nimeshazoewa na mama anayeendesha pampu. Wote wanamwita Mama Pampu. Ana miaka kumi na tisa humo ndani. Anakaa chumba cha nyuma, upande wa baharini, kitanda, jiko na redio. Leo alinisimamisha.

"Wewe kila siku unakuja kukodolea macho hiyo nguzo. Inakujibu?"

"Inajibu."

"Aa! Kumbe una sauti. Nilidhani umeletwa pamoja na mawe."

Akanipa kikombe cha chai. Pampu zikiwaka chai inatetemeka kikombeni duaraduara. Nilikunywa nikaondoka. Sikumbuki kama nilishukuru.

4 Juni

Chai tena. Alisema: jana hukushukuru.

13 Juni

Maji ya bamvua, yale yanayojaa sana mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mita tatu na nukta tisa, saa kumi alasiri. Nilisimama ukingoni kwenye ungio la arobaini na tano. Kila wimbi lilipojiondoa, maji yaliyotoka katikati ya mawe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye ungio la thelathini yalitoka meupe. Nikarudi la arobaini na tano nikaangalia tena. Chai.

14 Juni

Mama Pampu kanionyesha bonde dogo nyuma ya chumba chake, kwenye mchanga.

"Panya," akasema. "Panya wa hapa wanachimba kama wameajiriwa."

Nikalipima kwa kidole. Kina cha vidole viwili. Akalifukia kwa jembe akawatukana panya mmojammoja.

15 Juni

Vidole viwili na nusu.

18 Juni

Maji mafu, bahari imelala. Bonde halikuongezeka. Nikajiambia basi.

21 Juni

Tumetandika shuka ya mwisho, ungio la sitini. Wakubwa walikuja na kofia safi, wakapigwa picha mbele ya ukuta, wakaondoka. Tumebakizwa kupanga mawe ya juu. Magodoro hayakutajwa.

28 Juni

Bamvua tena. Mita nne kasoro kidogo. Asubuhi Mama Pampu alikuwa ameacha ndoo nyuma ya chumba, na jioni ndoo ilikuwa imezama nusu, imeinama, kama mtu aliyesinzia amekaa. Hakusema panya. Alisema, "Hebu niambie, nyinyi mlioenda shule. Ardhi inakwenda wapi?"

Nikamwambia sijui.

Nilimfuata shemeji kwenye bomba alikokuwa ananawa.

"Mchanga unatoka," nikasema. "Mbele ya pampu."

"Bahari nzima ina mchanga, wewe ukaona wetu?"

"Maji yanatoka machafu. Nyuma kumebonyea. Ndoo imezama."

Akafunga bomba. Akaangalia pande zote. "Sikiliza. Ukisema, watu kumi na wanne wanarudi kwao kesho. Mimi wa kwanza, wewe wa pili. Dada yangu atakula nini? Huyo binti yako aliyebaki atasoma kwa pesa gani?"

"Sijasema nitasema."

"Ndiyo hivyo. Bahari mbaya ikiisha mwezi wa tisa, mimi mwenyewe nitatafuta namna. Nitaongea na Katapila, tutafungua kidogo kidogo. Niachie."

Nikamwachia. Nilikuwa namwona kama ukuta mwingine, kitu cha kuegemea bila kufikiri. Usiku nikalala juu ya kipande changu. Ni kinene, kina joto. Nililala usingizi mzito, na naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

1 Julai

Vidole sita.

2 Julai

Vidole sita.

4 Julai

Mama Pampu kaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Ni hesabu sahihi. Akasema mmoja ni upweke, muongeze mwingine. Nikasema tutaona. Mita tatu na nusu.

5 Julai

Mama Watoto kapiga. Niliiangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza.

8 Julai

Injinia katukusanya. Ni binti mdogo wa umbo, buti zake zinamzidi, na hapigi kelele, kwa hiyo akiongea lazima mnyamaze. Alisema tarehe kumi na mbili bamvua itakutana na upepo mkali kutoka baharini. Jedwali linasema mita nne na nukta moja, lakini upepo utasukuma maji juu, pengine nusu mita zaidi, na mawimbi juu ya hapo. Barabara itafungwa. Zahanati ina wagonjwa wasioweza kuhamishwa, na umeme wa mjini ukikatika pampu zina jenereta, kwa hiyo Mama Pampu atabaki ndani mpaka tangi la juu lijae.

"Ukuta utashika," akasema. "Niliupima mwenyewe." Akaangalia upande wangu, kwa kuwa vipimo nilimpa mimi.

9 Julai

Leo nimesema. Naandika ilivyokwenda.

Asubuhi nilienda nguzoni. Mama Pampu akaniita nimsaidie kusukuma kitanda. Paa lilikuwa linavuja upande wa mlango, akataka kukihamishia ukuta wa nyuma. Tukakisukuma. Kilipofika, akapiga sakafu kwa kisigino kuona kama kimekaa sawa. Sakafu ikalia kama debe tupu.

Akapiga tena. Debe.

"Hee," akasema. "Chini hamna kitu?" Akacheka, akatandika shuka zake, akaweka redio kwenye mto, akasema, "Basi tarehe kumi na mbili nitalala juu juu kama malaika."

Nikatoka. Sikuamua jambo. Miguu ilienda kwenye kontena la Injinia, mkono ukagonga. Sikusikia moyo kudunda wala jasho, na sikuwaza juu ya binti yangu. Nilichokuwa nasikia ni kile kisigino.

"Ungio la arobaini na moja hadi la arobaini na nane siyo mita moja," nikasema. "Ni shubiri."

Aliweka kalamu chini. "Shubiri ya nani?"

Nikamwonyesha mkono wangu. Akauchukua, akaupima kwa rula. Sentimita ishirini na mbili.

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tunalala chini."

Akaitazama rula tena. Kisha akauliza, "Nani alishika futikamba?"

"Mimi."

"Na upande wa pili?"

Hapa ningeweza kunyamaza. Jina langu ni Bubu. Nikasema, "Shemeji yangu."

Akasimama, akavaa kofia. "Shuka stoo hakuna hata moja. Zinazofuata zinafika mwezi ujao." Akafungua mlango. "Ziko wapi hizo mlizokata?"

Jioni ileile tulitoa vitanda vyetu nje. Watu kumi na wanne kila mmoja na kipande chake mabegani, tukipita mbele ya Injinia, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Kifua alikikunja chake vizuri kama nguo ya kutokea. Alipofika kwangu alisimama.

"Bubu," akasema, "ungekuwa bubu kweli."

10 Julai

Katapila anainua mawe tangu alfajiri. Mimi na wengine tunatoa madogo kwa mikono. Shemeji na wawili wanashona vipande kwa sindano ya magunia, kipande kwa kipande, kupata utepe mrefu wa kufunika ungio kutoka juu mpaka chini. Injinia anapima mwenyewe. Haniulizi.

Shemeji hajanitazama. Alipotaka uzi alimwambia mwenzake, "Mwambie huyo mtu anisogezee uzi." Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

11 Julai

Tumefunga arobaini na moja mpaka arobaini na sita. Vipande vimekwisha. Arobaini na saba na arobaini na nane tumejaza viroba vya mchanga na kurudishia mawe juu. Hayo mawili ndiyo yaliyo nyuma ya chumba cha Mama Pampu. Tungeanza nayo, lakini tulianza na arobaini na moja kwa sababu namba inaanzia hapo. Hakuna aliyewaza vingine, hata Injinia. Tulipoona tayari vilikuwa vimebaki viroba tu.

Kesho.

13 Julai

Jana sikuandika.

Saa nane mchana bahari ilikuwa imeshafika pale inapofikaga saa kumi. Nilienda nguzoni nikiwa nimefungwa kamba kiunoni, Katapila ameshika upande wa pili. Mita nne na robo, na bado saa mbili za kujaa. Saa tisa alama za juu hazikuonekana tena. Nimeandika kwenye kurasa za mbele: "Imepita nguzo."

Mawimbi hayakuwa yanapiga ukuta, yalikuwa yanaupanda. Yakifika juu yanamwagika upande wetu, mpaka magotini, halafu yanarudi kwa kupitia mawe na sauti ya kunyonya. Tulisimama mstari kutoka kwenye lori la viroba mpaka arobaini na saba, tukipokezana. Kiroba kinatoka kwa Kifua kinakuja kwangu, kinatoka kwangu kinakwenda kwa shemeji. Tulipokezana pengine viroba mia tatu, mikono yetu ikigusana kila kimoja, bila neno.

Injinia alikuwa mlangoni mwa nyumba ya pampu. "Mama, toka!"

Sauti ya Mama Pampu ikatoka ndani, juu ya mngurumo wa pampu: "Tangi ni robo tatu tu!"

"Inatosha! Toka!"

"Robo tatu siyo kujaa, mwanangu. Wagonjwa wanakunywa robo?"

Saa kumi kasorobo ungio la arobaini na nane lilifunguka. Halikutoa mlio mkubwa. Mawe mawili makubwa yalishuka taratibu kama watu wanaokaa, na viroba vyote tulivyotupa vikayafuata. Wimbi lililofuata likaingia moja kwa moja. Ukuta wa nyuma wa chumba ukapata ufa kutoka chini mpaka dirishani.

Nilitoka kwenye mstari. Nikaingia kwa mlango wa mbele, nikampita Injinia. Mama Pampu alikuwa amesimama mbele ya mshale wa kipimo, mkono kwenye swichi, maji yakimfika vifundoni. Nikamwambia, "Chumba kinaondoka."

"Naona."

"Ni sisi. Tulipunguza kitambaa chini ya mawe. Tulikitandika kulala."

Hakugeuka. "Utaniambia kesho. Sasa funga ule mlango."

Nikaufunga mlango wa kati, kati ya pampu na chumba chake, nikauegemea kwa mgongo. Akaingia mtu mwingine akauegemea pembeni yangu, bega kwa bega. Shemeji. Nyuma yetu tulisikia sakafu ikivunjika vipande, kitanda kikigonga, kisha sauti ya redio iliyokuwa imebaki inaongea ikakatika. Mlango ukasukumwa, ukatulia, ukasukumwa. Tulibaki hapo mpaka kucha zangu zikaingia kwenye mbao. Sijui muda gani. Mama Pampu alikuwa anasoma mshale kwa sauti, kama mtu anayehesabu watoto wakivuka barabara.

Mwishowe akasema, "Limejaa." Akazima pampu moja, akazima ya pili, akavuta mkono mkubwa wa umeme. Tukatoka watu watatu na Injinia.

Maji yalianza kushuka saa kumi na moja na nusu. Chumba cha nyuma hakipo. Pampu zote mbili zipo, zimekaa kwenye zege lao, ukingoni kabisa. Maungio sita tuliyofunga yalishika.

Leo asubuhi Mama Pampu alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa akiangalia pale kitanda kilipokuwa. Nilisimama mbali kidogo. Nilidhani atanitukana. Akasema tu, "Kumbe panya ni nyinyi," na hakunipa chai.

15 Julai

Shemeji kafukuzwa. Wengine wamebakizwa kwa kuwa ukuta una pengo na watu hawapatikani. Basi lake lilikuwa saa nne asubuhi. Nikambebea begi mpaka barabarani, alinikubalia kwa sababu lilikuwa zito.

"Ungeniambia kwanza," akasema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia mchanga unatoka. Hukuniambia unakwenda kwa Injinia."

"Sikujua kama nakwenda."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu tarehe tisa. "Wewe, shem, siku hizi hujui kitu chochote unachofanya." Hakusema kwa hasira. Alipanda, akakaa upande wa pili wa basi, nisimwone.

16 Julai

Nilimuuliza Injinia mbona mimi sikufukuzwa.

"Kukufukuza ni rahisi," akasema. "Halafu nani atanionyesha mengine?"

"Hakuna mengine."

"Utaniambia hivyo ungio kwa ungio."

18 Julai

Tumetembea ukuta wote kutoka ungio la kwanza. Kwa kila namba anasimama na kuuliza, "Hapa?" Nami nakumbuka. La tatu mvua ilinyesha tukalitandika mara mbili. La kumi na mbili futikamba ilikatika. Mita moja, mita moja. Tukafika la ishirini na mbili.

"Hapa?"

Nikafungua mdomo. Sikuona chochote. La ishirini na tatu, hakuna. Mpaka la ishirini na saba. Nilitazama namba nyekundu, mwandiko ni wangu, lakini mkono ulioziandika sikuujua.

"Sijui," nikasema.

"Huwezi kutokujua. Ulinipa vipimo wewe, nimeviandika."

Akafungua karatasi zake kutafuta tarehe. Aprili, kumi na moja mpaka kumi na sita. Nikamwambia mwanangu alifariki tarehe kumi. Nilikuwa sijamwambia. Alisoma tarehe tena, akakunja karatasi.

"Nyuma ya hapa kuna nguzo ya umeme wa zahanati," akasema. "Siwezi kuweka 'sijui' chini yake. Tutafungua."

22 Julai

Katapila kafungua ishirini na mbili mpaka ishirini na saba. Siku nzima na nusu, na bamvua nyingine iko siku tano mbele. Watu walikuwa wananichukia, mimi na mawe yangu. Nilisubiri kuona shubiri, nikiwa tayari kabisa.

Injinia akaingia shimoni na futikamba. Mita moja na ushee. Akaenda lililofuata. Mita moja na ushee. Yote sita. Na ukingo wa kila shuka ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa magunia, kitu ambacho hatukuwahi kuagizwa.

"Umeona?" nikamwambia Katapila, ameshuka kwa mara ya kwanza kuangalia. "Nilifanya vizuri. Sikumbuki, lakini nilifanya."

Katapila alinitazama kama ananionea haya.

"Bubu, wiki ile hukufanya kazi. Ulikaa kwenye jiwe lile pale, tangu asubuhi mpaka jioni. Siku sita. Shemeji yako alikuwa anaweka kokoto kwenye mwanzo wa futikamba, anakimbia mwisho, anapima, anarudi, anakimbia. Peke yake. Akasema hatatuacha tuguse upande wako, asije mtu akakosea ikasemwa ni wewe. Jioni anakunong'oneza, 'Sema mita moja,' unasema mita moja. Namba alikushika mkono ukaandika."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini?"

24 Julai

Leo nimempigia shemeji. Ilikuwa mchana, nimekaa upande wa kivuli wa katapila. Nilidhani hatapokea. Alipokea.

"Nakusikiliza."

"Wamefungua ishirini na mbili mpaka ishirini na saba."

Nilisikia kuku wa nyumbani na mtu anapasua kuni.

"Wakakuta nini?"

"Mita moja na ushee. Na uzi."

"Ndiyo."

"Katapila kaniambia."

"Katapila ana mdomo mrefu kuliko ule mkono wa mashine yake."

"Kwa nini uliongeza uzi?"

"Nilikuwa sijui la kufanya na mikono," akasema. "Alikuwa mpwa wangu. Mimi pia sikwenda."

Hilo sikuwahi kuliwaza, hata mara moja, tangu Aprili. Akaendelea yeye.

"Na wewe ulikuwa unatisha, shem. Ulikaa pale siku ya kwanza na buti moja."

"Buti moja?"

"Moja. Mguu mwingine soksi. Nikakuuliza lingine liko wapi, ukaniambia mita moja."

"Likawa wapi?"

"Sijui! Nililitafuta siku mbili ufuko mzima, naulizauliza watu kama mwehu. Sikuliona. Ikabidi nikununulie jozi nyingine, na ukazivaa bila kuuliza zimetoka wapi."

Nikazitazama buti miguuni. Nikacheka. Na yeye akacheka, kule mbali, kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Nilicheka mpaka Katapila akachungulia kutoka juu, halafu haikuwa kicheko tena, na sikuweza kuizuia, na shemeji hakukata simu.